Uraia haukuzuii, miezi ndiyo inayokuzuia
Unasoma PhD Ujerumani, si raia wa Ulaya, na unauliza kama unaweza kubaki huko kwa ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa baada ya PhD (ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti)? Hapana, huwezi, kama umekuwa ukisoma huko mpaka sasa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kuwa si raia wa Ulaya hakuna shida kabisa. Aina yake ya kwenda kufanya utafiti Ulaya (European Fellowships) iko wazi kwa uraia wowote. Kanuni inayowakwamisha wengi ni hii: katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya kuomba, usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu (kazi, masomo) kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi ya chuo kitakachokupokea. Likizo fupi hazihesabiwi. Kwa hiyo Berlin haiwezekani kwa sasa, lakini ukiomba Leiden (Uholanzi) au Vienna (Austria) kanuni hii haikuzuii, mradi katika nchi hiyo nako hujakaa muda huo. Fomu yenyewe ina sehemu ya kujaza ulikoishi na tarehe zake, kwa hiyo piga hesabu kwa mihuri ya pasipoti na mkataba wa nyumba, usikisie.

Halafu, huombi peke yako. Ombi unaliandaa pamoja na msimamizi wa chuo husika, na kwa mtu wa historia au fasihi kumpata anayejua hasa nyaraka unazozitafiti kunachukua muda kuliko kuandika ombi lenyewe. Anza kuwaandikia mapema, barua fupi na ukurasa mmoja wa wazo.

Wafadhili wengine wana kanuni zao, hii usiipeleke kwao.