Jibu: King Kong ya Johannesburg haina uhusiano na sokwe

Mkuu, umeuliza kama King Kong, hii tamthilia ya muziki ya Afrika Kusini, ilitokana na ile sinema ya sokwe, na kama imewahi kurudishwa jukwaani. Hapana, haikutokana nayo. King Kong lilikuwa jina la ulingoni la bondia Ezekiel Dlamini, aliyemuua mpenzi wake, akaiomba mahakama imnyonge, akapewa kifungo, na mwaka 1957 akafa maji akiwa mfungwa.

Todd Matshikiza ndiye aliyetunga muziki. Hapo ndipo penye uzito wake: jazi ya vitongojini, na lugha ya watu wa Sophiatown, kitongoji cha Johannesburg, vikapanda jukwaani bila kuomba radhi, na waigizaji wote walikuwa Waafrika. Ilifunguliwa Februari 1959 katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kwa sababu pale Weusi na Weupe waliweza kukaa pamoja kutazama. Miriam Makeba, tunayemjua sisi kwa Malaika, aliigiza Joyce, mwenye kilabu cha pombe. Hugh Masekela, mpiga tarumbeta, alikuwa kwenye bendi.

Mwaka 1961 ikaenda London, na baadhi ya wasanii hawakurudi tena kwenye ubaguzi ule wa rangi wa Afrika Kusini. Nchi ilipoteza vipaji vikubwa mno, na hilo bado linaniuma.

Jaribio la kuifufua mwaka 1979 halikufanikiwa. Iliyofanikiwa ni ya 2017, ukumbi wa Fugard, Cape Town, Andile Gumbi akiwa bondia. Ila anza na rekodi ya 1959, usikilize tarumbeta na ala zile za shaba.