Kabla ya Kurudia Mtihani, Soma Ulivyofeli

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, simu yangu hujaa ujumbe wa wadogo zangu, watoto wa majirani na wakati mwingine wazazi wao. "Dada, kapata ziro. Arudie au aachane na shule?" Wananiuliza mimi kwa sababu ni wa kundi lililofanya mtihani huo mwaka 2012. Matokeo yetu yalitangazwa Februari 2013, na zaidi ya nusu ya watahiniwa tulikuwa na daraja sifuri, yaani tumefeli. Tanzania nzima ilishtuka. Serikali ikaunda tume, matokeo yale yakafutwa, yakapangwa upya na kutangazwa tena Mei. Baadhi ya wenzangu walipanda vizuri. Mimi nilitoka kwenye sifuri nikaingia daraja la nne, la chini kabisa la kufaulu, kwa D mbili tu, ya Kiswahili na ya Uraia. Kwingine kote zilibaki F, yaani kufeli, Hisabati ikiwemo.

Leo ni mhasibu. Katikati kuna kurudia mtihani, astashahada, stashahada, halafu shahada niliyoisoma jioni huku nafanya kazi mchana. Siwezi kuieleza safari yote hapa, ila kuna sehemu moja ambayo naona wengi wanairuka na inawagharimu miaka: kukaa chini na kuangalia umefeli nini hasa, kabla ya kujisajili tena.

Mtoto aliyepata ziro huambiwa mambo mawili. Ama hakusoma, ama hana akili. Aliyeambiwa hana akili anakata tamaa, hilo liko wazi. Anayeniumiza zaidi ni yule aliyeambiwa hakusoma, kwa sababu anaamua kusoma kweli. Anarudi kwenye madaftari yaleyale, anakariri vilevile, anakesha mpaka saa nane za usiku, na mtihani ukirudi anapata kilekile. Juhudi anayo, nimeiona kwa macho yangu. Hakuna aliyemwonyesha mahali pa kuielekeza.

Anza na mstari wako wa matokeo. Kila mtahiniwa ana mstari wake wenye namba ya mtihani, pointi, daraja, kisha somo moja moja na alama yake. Watu wengi wanaangalia daraja tu na kufunga simu. Wewe uandike mstari huo kwenye karatasi, na mbele ya kila F ujaribu kukumbuka ilivyokuwa siku ile kwenye chumba cha mtihani. Ulimaliza maswali yote? Ulielewa swali linataka nini? Au ulielewa, ukajua jibu, ukashindwa kuliandika kwa Kiingereza? Hizo ni F tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake. Mimi Jiografia nilikuwa naijua. Ningekueleza kwa Kiswahili jinsi mvua za milimani zinavyotokea mpaka ukaziona. Kwenye karatasi ya mtihani niliandika sentensi mbili zilizovunjika, nikasonga mbele. Kusoma Jiografia zaidi kusingenisaidia kitu; nilichohitaji ni kujizoeza kuandika aya fupi fupi za Kiingereza, kila siku, na mtu wa kunisahihishia.

Halafu kuna hazina ambayo sijui kwa nini haitangazwi shuleni. Baraza la Mitihani huchapisha taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na iko kwenye tovuti yao bure. Humo kila swali linaelezwa: lilitaka nini, watahiniwa wangapi walifanya vizuri, waliokosa walikosea wapi. Tena wanaweka picha za majibu halisi yaliyoandikwa kwa mkono, lililo sahihi na lililokosewa. Mimi niliipata kama fotokopi iliyochoka kwa mwalimu aliyekuwa anatufundisha jioni. Niliposoma yale majibu yaliyokosewa nilisikia kama mtu anasoma kichwa changu. Sababu zinazorudi rudi humo ni chache: mtahiniwa hakuelewa matakwa ya swali, lugha ilimshinda, au mada yenyewe hakuijua. Ukijua yako ni ipi, tayari umeshapunguza kazi.

Hisabati ndiyo inayowatisha wengi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Kwa muundo uliozoeleka, karatasi ya kidato cha nne ina maswali 14. Kumi ya sehemu A yana alama 6 kila moja, manne ya sehemu B yana alama 10 kila moja. D inaanza kwenye alama 30. Maana yake ukiyapata maswali matano ya sehemu A kikamilifu, umefaulu Hisabati, hata kama yale manne ya alama 10 ya mwisho hujayagusa. Mtu anayetoka kwenye F hana sababu ya kuanza na kila mada kwa pamoja. Achague mada chache za sehemu A, azifanye mpaka zimkubali, ndipo aongeze. Hesabu ya namna hii niliionyeshwa na yule mwalimu wa jioni, na naikumbuka nafuu niliyoisikia. Mlima uliokuwa hauna mwisho ulipata kimo.

Na kwenye kila mada, tafuta kosa lako lenyewe. Mfano swali la kengele, ambalo kila anayekuja kwangu namfanyisha. Kengele tatu zinalia kila baada ya dakika 20, 30 na 45. Zimelia pamoja saa 2:00 asubuhi. Zitalia tena pamoja saa ngapi? Wengi wanaandika dakika 5, saa 2:05. Kukokotoa wamekokotoa vizuri kabisa, ila wametafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) badala ya KDS (kigawe kidogo cha shirika). Ukimpa mtu huyo mazoezi mia ya kutafuta KKS na KDS atayapata yote, na swali la kengele atalikosa tena. Ninachomfanyia ni kumuuliza: kengele inayolia kila dakika 20, saa 2:05 inalia? Anatulia, anacheka, anaanza upya. Anapata dakika 180, saa 5:00. Tangu hapo anajifunza kuliuliza jibu lake kama lina akili kabla ya kwenda swali linalofuata. Nasema hivi kwa sababu mpaka leo, kazini, ndivyo ninavyokagua vitabu vya hesabu.

Daftari la makosa ni la lazima kwangu. Kila ulipokosa, andika swali, jibu lako, na kwa nini ulilipata hilo. Usifute. Baada ya mwezi ukilisoma utaona makosa yako ni machache kuliko ulivyodhani, yanajirudia tu.

Kuhusu maneno ya watu, yapo na yanachoma, hasa pale wenzako wanapokwenda kidato cha tano na wewe unatumwa sokoni. Sina dawa ya hilo zaidi ya kutafuta wenzako wawili watatu wanaorudia, mkutane siku maalumu. Mtahiniwa wa kujitegemea hana kengele ya shule wala mwalimu wa zamu; asipokuwa na watu wanaomsubiri, wiki zinapita hivi hivi. Kama unafanya kazi, usijidanganye utasoma usiku ukiwa umechoka. Amka mapema, hata saa moja tu kabla ya kutoka.

Jambo jingine wazazi wengi hawalijui: mlango si kidato cha tano peke yake. Kidato cha tano kinataka angalau krediti tatu, yaani C na kuendelea. Astashahada inataka ufaulu wa masomo manne, hata kwa D, yasiyo ya dini, ingawa kozi nyingine, za afya kwa mfano, zinataja masomo yenyewe. Mimi nilikuwa na D mbili. Nilihitaji mbili nyingine, na kwa uhasibu niliotaka, moja ilifaa iwe Hisabati. Nilipolielewa hilo niliacha kuwaza kurudia masomo yote. Mtahiniwa wa kujitegemea anaruhusiwa kuchagua masomo anayoyarudia, na vyuo vingi hupokea vyeti viwili, cha kwanza na cha kurudia. Piga simu chuoni uulize kabla, usitegemee maneno ya mtaani.

Kwa hiyo, mzazi unayenisoma: usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, karibu sana na siku za matokeo, na ukichelewa kuna faini. Mwache mwanao alie siku chache, ana haki hiyo. Kisha kaeni na ule mstari wa matokeo, mchague masomo pamoja, na umtafutie mwalimu wa kumsahihishia kazi zake kabla hujamnunulia kitabu kipya.