Maua ya Arnika kwa Damu Iliyovilia na Maumivu ya Misuli

SWALI: Nimepewa mfuko wa maua makavu ya arnika, nikaambiwa kuwa ni dawa ya asili ya mtu aliyejigonga hadi damu ikavilia chini ya ngozi, na pia ya misuli inayouma baada ya kazi nzito. Sikuelezwa namna ya kuyaandaa. Je, niyachemshe ninywe kama chai, au nitengeneze mafuta ya kujipaka? Naweza pia kumpaka mwanangu wa miaka sita, ambaye huanguka mara kwa mara anapocheza?

JIBU: Ndugu msomaji, chai hiyo usiinywe kabisa. Arnika ina kemikali iitwayo helenalini, ambayo ndiyo inayodhaniwa kupunguza uvimbe inapopakwa, lakini ikimezwa huunguza utando wa tumbo, huleta kutapika na kuharisha, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Vidonge vya arnika vya homeopathia ambavyo huenda umeviona madukani huwa vimezimuliwa mno, kwa hiyo visikufanye uamini kwamba maua yenyewe yananyweka.

Njia nyepesi ni ya maji. Pima gramu 2 za maua makavu, uyamwagie mililita 100 za maji yaliyochemka, ufunike kwa dakika kumi hivi, kisha uchuje kwa kitambaa kizito, kwa sababu maua haya yana vinyweleo vyembamba vinavyowasha ngozi na ambavyo chujio la kawaida huviachia vipite. Maji yakipoa, loweka kitambaa safi, ukamue kidogo na ukiweke mahali palipoumia. Yatumie siku hiyohiyo, na yanayobaki uyamwage.

Mafuta huchukua muda mrefu zaidi, ila hukaa na yanafaa zaidi kwa misuli. Kwa kila gramu 20 za maua tumia gramu 100 za mafuta ya mimea, kama ya zeituni au alizeti. Maua yawe makavu kabisa, na chupa pia iwe kavu, kwa maana unyevu mdogo tu hutosha kuleta ukungu. Hakikisha mafuta yameyafunika maua yote, uifunge chupa na kuiweka mahali penye joto kiasi kwa wiki tatu au nne, huku ukiitikisa kila siku. Baada ya hapo chuja na uhifadhi katika chupa ya rangi nyeusi. Yakinuka vibaya, yatupe. Wapo wanaoloweka maua katika spiriti, sehemu moja kwa kumi, lakini dawa hiyo ni kali na ni lazima izimuliwe kwa maji angalau mara tatu kabla ya kugusa ngozi.

Kabla ya matumizi ya kwanza, paka tone moja kwenye mkono na usubiri siku nzima, hasa kama ngozi yako huwashwa na mimea ya jamii ya alizeti au kamomili, kwa kuwa arnika ni ya ukoo huohuo. Usipake kamwe kwenye ngozi iliyochubuka, kwenye kidonda, wala karibu na macho au mdomo. Misuli iliyochoka unaweza kuichua. Palipovilia damu, paka taratibu bila kukandamiza, na katika siku ya kwanza tumia kitambaa cha baridi badala ya kukanda kwa maji ya moto, kwa sababu joto huongeza damu mahali hapo.

Kuhusu nguvu yake, utafiti wa mwaka 2007 uliohusisha watu 204 wenye maumivu ya viungo vya vidole uliona kwamba jeli ya arnika ilisaidia sawa na jeli ya ibuprofeni. Kwa damu iliyovilia ushahidi unapingana, nami singekuahidi zaidi ya nafuu ndogo. Maumivu yasipopungua ndani ya siku tatu au nne, alama za damu zikitokea bila wewe kugongwa, au ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muone daktari.

Mwanao usimpake. Wakala wa Dawa wa Ulaya haipendekezi arnika kwa walio chini ya miaka 12, kwa kukosa takwimu za kutosha za usalama. Akianguka, kitambaa cha baridi kwa dakika kumi kinatosha. Lakini akigonga kichwa kisha akatapika au akasinzia kupita kawaida, mpeleke hospitali mara moja.