Kujua nenosiri la root kusitoshe

Ofisi niliyofanyia kazi zamani, nenosiri la root, ile akaunti yenye mamlaka yote juu ya seva, tulilijua watu saba. Tulianza wawili, likapita mdomo kwa mdomo. Hata aliyehamia kitengo kingine aliweza kuandika `su -` (amri ya kuhamia akaunti nyingine; usipotaja jina ni root) akawa mwenye seva nzima. Tulipolibadilisha, halikuchukua mwezi likasambaa tena. Nikaona heri mfumo wenyewe uangalie anayebisha hodi ni nani.

Kwenye Linux kazi hiyo ni ya moduli ya PAM, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, iitwayo pam_wheel. Seva zetu zilikuwa za CentOS, aina mojawapo ya Linux, na humo ukifungua `/etc/pam.d/su` unaukuta mstari huu umezimwa kwa alama ya reli:

`#auth required pam_wheel.so use_uid`

Ukiiondoa alama hiyo, asiye kwenye kundi la wheel, yaani la wasimamizi wa seva, hapiti. Ataulizwa nenosiri kama kawaida, na hata akiliandika sawasawa atakataliwa. Waambie wenzako mapema, la sivyo watashinda wakilirudia wakidhani wamekosea herufi.

Lakini kwanza jiingize kundini: `usermod -aG wheel jina`. Hiyo `a` usiisahau kabisa, kwani `-G` ikiwa peke yake humtoa mtu kwenye makundi yake mengine yote ya ziada. Na terminali ya root uliyofungua usiifunge mpaka umejaribu `su` kwenye terminali nyingine ukafanikiwa.

Mimi nilikwama kwingine. Mwenzetu wa hifadhidata alizoea `su - postgres` kuhamia akaunti ya hifadhidata, na asubuhi ile akakuta mlango umefungwa. Mstari ule huzuia kuhamia akaunti yoyote, si root tu, usipouongezea `root_only`. Nilishawishika kumwingiza wheel yaishe. Nashukuru sikufanya hivyo, maana kwenye CentOS wanakundi wa wheel wana pia ruhusa zote za sudo, amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya akaunti nyingine. Ningempa seva yote kwa ajili ya akaunti moja.

Kwa wanaotumia Debian, aina nyingine ya Linux: kundi la wheel halipo kwa kawaida, na moduli hugeukia kundi lenye GID (namba ya kundi) 0. Unda kundi lako, kisha ulitaje kwenye mstari wa pam_wheel kwa `group=`.

Yule mwenzetu nilimwandikia mstari mmoja kupitia `visudo`, amri ya kuhariri ruhusa za sudo, ambayo hukagua makosa kabla ya kuhifadhi:

`jina ALL=(postgres) ALL`

Tangu hapo anaingia kwa `sudo -iu postgres` akitumia nenosiri lake mwenyewe, na kila akiingia, jina lake na saa vinaandikwa kwenye `/var/log/secure`.