Coca-Cola, Pepsi na ukuta wa fremu: kwa nini mmoja hubadilisha nembo na mwenzake hashtuki

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: kwa nini kampuni mbili zinazogombea wateja wale wale, moja hubadilisha nembo kila baada ya miaka michache na nyingine hung'ang'ania ile ile, na ni ipi inayofaidi? Jibu linalosikika vijiweni ni kwamba aliye nyuma hutapatapa na aliye mbele ametulia. Lina ukweli ndani yake, lakini halielezi kwa nini utulivu huo unawezekana kwa nembo fulani na hauwezekani kwa nyingine. Sisi tunaochora nembo hizi kwenye fremu za maduka hapa Dodoma tunaliona jambo hilo kupitia brashi. Kuna nembo zilizojengwa kwa mwandiko wa mkono, na kuna zilizojengwa kwa herufi za kiwandani, na aina hizi mbili hazizeeki kwa namna moja.

Tuanze na jozi ya soda. Jina la Coca-Cola liliandikwa mwaka 1886 huko Atlanta, Marekani, na Frank Robinson, mtunza hesabu wa mfamasia John Pemberton aliyetunga kinywaji chenyewe. Robinson hakubuni herufi mpya. Alitumia mwandiko wa Spencer, ule ambao makarani wa Marekani wa zama hizo walifundishwa kwa ajili ya barua na vitabu vya hesabu. Alama ikasajiliwa mwaka 1893. Mwaka huo huo, New Bern, North Carolina, mfamasia mwingine, Caleb Bradham, alianza kuuza kinywaji chake, na mwaka 1898 akakipa jina la Pepsi-Cola. Nalo likaandikwa kwa mwandiko, kwa rangi nyekundu, likiwa na mikia na mikunjo yake. Ukiziweka nembo za miaka hiyo ya mwanzo bega kwa bega, mtu aliyesimama hatua ishirini angeweza kuzichanganya.

Njia zilitengana mwaka 1962. Pepsi iliacha neno Cola, ikaacha mwandiko, ikachukua herufi nene zilizosimama wima. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri na uliotofautisha soda hizo mbili moja kwa moja, na mimi siulaumu. Ila tangu siku hiyo ilijifunga kwenye mkondo wa mitindo. Herufi za kiwandani hubeba muongo wake usoni. Nene za miaka ya 60 zikaonekana za kizamani kufikia 1973, zilizolala za 1991 zikachosha kufikia 1998, nembo ikabadilishwa tena 2008, na tena 2023. Mwandiko wa Robinson haukupata msukosuko huo, kwa sababu ulishakuwa wa kizamani kabla babu zetu hawajazaliwa. Kitu ambacho hakikufuata mtindo wa leo hakiwezi kupitwa na mtindo wa kesho.

Lakini msichukulie kwamba Coca-Cola haijagusa kitu. Karibu kila kilichouzunguka mwandiko kimeguswa. Zamani mkia wa herufi C ya kwanza ulibebeshwa maneno ya kutangaza kwamba ni alama ya biashara, yakaondolewa baadaye. Utepe mweupe unaopinda chini ya jina uliletwa 1969. Mwaka 1985 walibadilisha hadi ladha yenyewe, wateja wakagomba, na ladha ya zamani ikarudishwa baada ya siku 79. Kwa upande wa pili, Pepsi inayosemwa kuwa haitulii imeshikilia kitu kimoja tangu miaka ya 1940: duara lenye nyekundu juu, buluu chini na mkanda mweupe katikati. Duara hilo asili yake ni kizibo cha chupa, na rangi zile tatu zilichaguliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa sababu ni za bendera ya Marekani. Kwa hiyo kila mmoja ana kiini asichokigusa. Mmoja ameuweka moyo wake kwenye maandishi na anachezea mazingira, mwingine ameuweka kwenye umbo na rangi na anachezea maandishi. Na macho ya mpita njia huona mabadiliko ya maandishi upesi kuliko mabadiliko ya mazingira, ndiyo maana sifa ya kutotulia imemwangukia Pepsi.

Tofauti hiyo hudhihirika fundi anapopanda ngazi. Duara la Pepsi ni rahisi: msumari katikati, uzi, chaki, umemaliza. Kazi iko kwenye mkanda. Ule wa kabla ya 2008 ulikuwa wimbi lililopinda sawasawa pande zote mbili, ukikosea upande mmoja unarekebisha kwa kuutazama wa pili. Wa 2008 uliinamishwa ukawa kama tabasamu, mwembamba upande mmoja na mpana upande wa pili, na upana wake ulitofautiana kati ya Pepsi ya kawaida, ya Diet na ile ya Max. Fundi aliyekariri wimbi la zamani alitoa nembo ambayo si ya zamani wala si mpya. Wa 2023 umerudisha jina ndani ya duara na kuongeza nyeusi. Kwa mchoraji huo ni unafuu, maana jina sasa lina mahali pake na halielei pembeni.

Mwandiko wa Coca-Cola hauchoreki kwa kukadiria. Njia ya miraba, yaani kuchora vyumba vya sentimita 1 kwenye sampuli na vya sentimita 10 ukutani, inatosha kwa herufi za wima. Kwa mwandiko inakupa mifupa bila nyama. Njia ya uhakika ni kutoboa: chapisha nembo kwa ukubwa kamili kwenye karatasi ngumu, toboa mistari yote kwa sindano kila baada ya milimita 3 hivi, bandika karatasi ukutani kwa gundi ya karatasi, kisha pigapiga juu yake kitambaa kilichofungwa unga wa mkaa. Ukiiondoa, ukuta una nukta nyeusi za kufuata. Makosa hutokea sehemu tatu. Ya kwanza ni mkia wa C ya kwanza unaopita chini ya herufi zinazofuata: hunenepa katikati na kunywea mwishoni, na fundi mwenye haraka huupaka upana mmoja mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni ncha ya juu ya C ya pili, inayopenya kwenye tundu la herufi l. Tundu likizibwa na rangi, neno zima linaonekana limevimba. Ya tatu ni mlalo. Mwandiko wote umeinama kwa pembe moja, na herufi moja ikisimama wima jicho la mtoto wa darasa la kwanza litaiona.

Hapo ndipo penye nguvu ya nembo ile. Ni ngumu kuichora vizuri, lakini hata ikichorwa vibaya inatambulika. Mwaka 1915 kampuni hiyo ilipotafuta chupa mpya, watengeneza vioo walitakiwa wabuni chupa ambayo mtu angeitambua kwa kuipapasa gizani, au hata akikuta vipande vyake vimevunjika chini. Kiwanda cha Root cha Terre Haute, Indiana, ndicho kilichoshinda. Nembo yoyote ingefaa kupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Chupa za kioo za kurudisha zinaeleza jambo lingine ambalo wenye kubuni nembo ofisini hulisahau. Nembo ya chupa hiyo si karatasi. Ni rangi yenye unga wa kioo, iliyochomwa kwenye tanuri la nyuzi 600 hivi mpaka ikashikana na chupa. Haibanduki. Chupa inaoshwa kwa magadi makali ya moto, inajazwa, inarudi dukani, miaka na miaka. Kampuni ikibadilisha nembo leo, chupa za jana haziendi popote mpaka zivunjike au zichujwe kwa kuchubuka. Si ajabu kufungua kreti moja katika duka la Majengo ukakuta vizazi viwili vya nembo vimekaa pamoja. Anayebadilisha mara kwa mara anashindana na mpinzani wake na anashindana pia na nembo zake mwenyewe za zamani.

Sasa mitandao ya simu. Hapa sababu ni nyingine kabisa, na ndiyo maana swali la nani katulia na nani katapatapa halifai kwa jozi zote. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, na Zain ikawa Airtel mwaka 2010, kwa sababu kampuni iliuzwa. Mobitel ikawa Buzz, Buzz ikawa Tigo, na Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, miaka michache baada ya wenye mali kubadilika. Vodacom ilibaki na jina, lakini mwaka 2011 iliacha buluu ikavaa nyekundu ya Vodafone, mwenye hisa nyingi. Matokeo yake ni kwamba wapinzani wawili wakubwa, Airtel na Vodacom, wakajikuta na rangi moja. Ukisimama barabarani Sabasaba mchana wa jua na kutazama vibanda vya mawakala, nyekundu pekee haikwambii kitu. Unamtambua mmoja kwa alama yake ya nukuu na mwingine kwa herufi yake iliyojikunja. Umbo likabeba mzigo wote uliokuwa wa rangi.

Kwa fundi, mabadiliko hayo ya rangi ni kazi nzito kuliko inavyodhaniwa, na nyekundu ndiyo msumbufu. Rangi nyekundu nyingi za mafuta zina unga unaoyeyuka ukikutana na thina, kile kimiminika cha kulainishia rangi ya mafuta. Ukipaka nyeupe ya mafuta moja kwa moja juu yake, siku ya kwanza utaona nyeupe safi, na baada ya siku chache ukuta umegeuka waridi. Kupaka mkono wa pili na wa tatu hakusaidii, kwa sababu kila mkono unakuja na thina yake na kuivuta nyekundu juu tena. Dawa ni kuikatia njia. Kwangua magamba, piga msasa namba 80 mpaka mng'ao uishe, osha kwa maji ya sabuni, acha ukauke kabisa, kisha paka rangi ya maji mikono miwili au rangi ya silva mkono mmoja. Kesho yake ndipo uanze mafuta. Fremu ya mita 4 kwa mita 1 ni mita za mraba 4, na lita 1 ya rangi ya mafuta hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili haimalizi lita. Plasta mpya iachwe wiki nne kabla ya kupakwa mafuta, la sivyo chumvi ya saruji itaigeuza rangi kuwa kama sabuni na itabanduka. Na hapa kwetu, kuanzia Juni hadi Oktoba, paka asubuhi mapema. Upepo ukianza, vumbi litakaa kwenye rangi mbichi na hutalitoa.

Jua la Dodoma nalo ni hakimu. Katika mabango yaliyochapishwa kwa wino wa rangi nne, nyekundu na njano hufifia kwanza, buluu na nyeusi hubaki. Ndiyo maana bango la zamani huonekana limepoa kuelekea kwenye buluu. Nembo inayotegemea nyekundu inahitaji kupakwa upya mapema kuliko ya buluu, iwe ya soda au ya simu.

Rangi ikitunzwa hufanya kazi hata jina likibadilika. Klabu ya Simba iliitwa Sunderland mpaka 1971. Jina lilipobadilika, nyekundu na nyeupe zikabaki, na hakuna aliyeichanganya na kijani na njano ya Yanga.

Yote haya yana faida ya karibu kwa wakamuaji wa mafuta ya alizeti wa Dodoma na Singida, na kwa kweli wao ndio wanaonifanya niandike kwa urefu. Chupa zao zimepangwa kando ya barabara kuu, karibu zote zikiwa na lebo ya njano yenye ua la alizeti. Ua hilo ni tangazo la zao, halimtambulishi mkamuaji yeyote. Mshindani akija na lebo nzuri zaidi, huna cha kushikilia. Chagua kiini kimoja kisichokuwa ua: jina lililoandikwa kwa mkono, au umbo, au rangi ya kizibo. Jina liandikwe kwa nyeusi au buluu iliyokolea, si nyekundu juu ya njano, kwa sababu jua la barabarani litakula vyote viwili. Lijaribu kwa kulichapisha kwa rangi nyeusi tupu, upana wa sentimita 2. Likisomeka, linafaa kwenye kizibo. Kwa bango, herufi ya urefu wa sentimita 10 husomeka vizuri kwa mita 12 hivi, na gari la kasi linahitaji kubwa zaidi ya hapo mara kadhaa.

Kisha sajili alama yako BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na sajili jina tupu peke yake kabla ya kusajili picha. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, baadaye unahuishwa kila miaka 10, nao unahusu Tanzania Bara tu, Zanzibar ina wake. Marekebisho madogo ya alama iliyosajiliwa huruhusiwa mradi hayagusi utambulisho wake. Ukiibadilisha sana, unaanza ombi upya. Mwenye jina tupu lililosajiliwa anaweza kubadilisha ua, fremu na mandhari bila kuupoteza ulinzi wa jina.

Na ukibadilisha lebo, maliza kwanza karatasi za zamani kabla ya mavuno ya Mei na Juni, uanze msimu na lebo mpya kwenye chupa zote za lita 1, lita 5 na madumu ya lita 20 kwa pamoja. Mteja akiona mpya kwenye chupa ndogo na ya zamani kwenye dumu, atadhani moja ni feki, na muuza duka hatakuwa na la kumjibu.

Msomaji wenu, Dodoma