Unamtafuta mnasihi au hakimu?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 11 kwenye ndoa na watoto wawili. Mume wangu amebadilika. Anachelewa kurudi, anakula kimya, analala. Nikimsema ndiyo kabisa, anatoka kwenda kukaa kwenye gari. Juzi kaniambia ameshalipia tukaonane na mnasihi Jumamosi. Mimi sina tatizo, mwenye tatizo ni yeye. Nimeprinti meseji zake zote, na mdogo wangu, tunayeishi naye mwaka wa tatu sasa, yuko tayari kuja kutoa ushahidi. Huko wanafanya nini? Isije ikawa ndiyo safari ya talaka.*
*Mama Wawili, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikitafuta kosa la mumeo. Anachelewa, sawa. Meseji umeziprinti, ila hujaniambia hata moja inasema nini. Ingekuwepo ya maana ungeanza nayo. Ninachokiona mimi ni baba mtu mzima amekaa gizani ndani ya gari, nje ya nyumba anayoilipia kodi, kwa sababu ndani wanamsubiri wawili, wewe na mdogo wako. Na huyo mdogo wako ameyajuaje ya chumbani hata awe shahidi?

Wanaume wakichoka, wengi huhama kimyakimya, ukaja kusikia ana nyumba nyingine Mbagala. Wako katoa hela yake ili aongee na wewe. Niko upande wake, ukinuna nuna.

Ila kama anakupiga na umeogopa kuandika, nafuta yote hayo. Usiende kukaa naye chumba kimoja kwa mnasihi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto, polisi.

Talaka unachanganya mambo. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, anayetaka mahakama ivunje ndoa kwa kawaida hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, nalo likishindwa kuwapatanisha ndipo linaandika hati ya kwenda nayo mahakamani. Mnasihi hana hati hiyo.

Jumamosi mtakaa kama saa moja. Mtajaza fomu, kisha ataeleza habari ya siri: ya mle ndani hayatoki, isipokuwa mtu yuko hatarini kujidhuru au kumdhuru mwenzake, au kuna mtoto anaumizwa. Halafu maswali. Mlikutanaje, mambo yaliharibika lini, kila mmoja anataka nini. Anaweza kuomba kumwona kila mtu peke yake, usidhani mnasengenywa. Ulizeni mapema vikao vinaweza kuwa vingapi na kila kimoja bei gani.

Lakini hatasema nani mkosaji, na hapo ndipo utakapoumia. Umezoea makungwi na mashangazi kama mimi, tunaokata shauri chai haijapoa. Yeye atakuuliza ulijisikiaje, kisha anyamaze akusubiri, na utaona hela imeliwa bure. Mnaweza hata kugombana njiani mkirudi. Usimpime mtu kwa kikao kimoja, nenda angalau vitatu.

Hizo karatasi sasa. Sisi tuliweka barua za uchumba chini ya sanduku, na siku tukikasirika tulizisoma tukalia, hasira ikapungua. Ninyi mnaweka skrinishoti. Mtu anakula na mwenzake sahani moja huku anamkusanyia ushahidi, anautuma kwa dada, dada kwa shoga yake, mpaka mwenye ndoa ndiye wa mwisho kujua ndoa yake inaendeleaje. Halafu mnaniuliza mbona wanaume hawaongei. Aongee ili anukuliwe?

Karatasi zichane. Mdogo wako abaki na watoto Jumamosi hiyo, na baadaye muanze kuzungumza atahama lini. Wewe kaa kiti cha mbele, na redio aweke anayoitaka yeye.