Hesabu herufi kwanza, kukisia baadaye

Ukikutana na fumbo la herufi zisizosomeka, usikimbilie kujaribu kila msimbo unaoujua. Linakili kwa herufi kubwa, ulihakiki, kwa sababu herufi moja iliyorukwa huharibu Vigenère, msimbo ambao neno la ufunguo huamua kila herufi isogezwe hatua ngapi, kuanzia hapo hadi mwisho. Kisha hesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Mbinu hiyo aliieleza mwanazuoni al-Kindi huko Baghdad katika karne ya 9, na hadi leo ndiyo msingi.

Kiswahili humsaidia sana mfumbuaji: A ndiyo herufi inayotumika zaidi, na karibu kila neno huishia kwa irabu. Chukua KDCLQD LSR NLVLPDQL. Miisho ni D, R na L, basi hizo ndizo za kushukiwa kuwa irabu. L imetokea mara 5, nyingi kuliko zote. Ukiifanya A, yaani kurudisha kila herufi nyuma hatua 11 katika alfabeti, neno la kwanza linakuwa ZSRAFS, achana nayo. Fanya D iwe A, hatua 3, upate HAZINA IPO KISIMANI. Herufi 17 ni chache mno kuiamini ile inayoongoza peke yake.

Tazama pia ile Q. Alfabeti ya Kiswahili ina herufi 24, bila Q wala X, kwa hiyo aliyefumba alitumia zile 26 za Kiingereza. Ukikosea alfabeti, baadhi ya herufi hutoka sawa na nyingine hapana, nawe utadhani msimbo ni mgumu kumbe ni Kaisari tu, msimbo wa kusogeza herufi zote hatua zilezile.

Kaisari ina hatua 25, zijaribu zote. Atbash, ambapo A ni Z na B ni Y, ni ya dakika moja.

A, I, N na U zikiwa tele lakini hakuna kinachosomeka, herufi zimepanguliwa. Zikiwa 24, zipange 2 kwa 12, 3 kwa 8, 4 kwa 6, na kinyume chake, usome kwenda chini.

Isipoongoza herufi yoyote, shuku Vigenère. Tafuta vikundi vya herufi tatu vinavyojirudia: umbali wa herufi 15 na 25 kati ya marudio huelekeza kwenye ufunguo wa herufi 5. Friedrich Kasiski alichapisha mbinu hii mwaka 1863. Fumbo fupi huwa halina marudio hayo, basi kisia neno linaloelekea kuwemo, lipitishe kila nafasi ukirudisha kila herufi ya fumbo nyuma kwa hatua za herufi ya neno hilo (A ni 0, B ni 1), uangalie kama kinachobaki kinaanza kuunda neno la ufunguo. Maneno ya kichwa cha fumbo ndiyo ya kujaribu mwanzo.